Kisima cha Samaki: Safari ya Ujiji Kutafuta Hadithi



Hivi karibuni nilipata ujumbe kwa simu kutoka kwa binti wa kaka yangu, ambaye anasoma Kiswahili chuoni. Aliandika hivi: "Baba mdogo, shikamoo. Tumeitwa kwenye kongamano la wanafunzi juu ya usimulizi wa hadithi. Kila mmoja aende na hadithi moja ya kwao, aseme ameisikia wapi na kwa nani. Mimi sina. Nifanyeje?"

Nilicheka peke yangu ofisini. Mtoto aliyezaliwa Kigoma, akanywa maji ya ziwa, akala dagaa na migebuka tangu alipoota meno, leo anasema hana hadithi! Lakini kicheko hakikudumu. Nilijiuliza mimi mwenyewe: wewe karani, unazo ngapi? Nikazihesabu, hazikufika vidole vya mkono mmoja.

Labda utaniuliza, msomaji, hayo yananihusu nini mimi niliye karani wa parokia. Yananihusu sana. Kazi yangu ni kuandika vitabu vya parokia: kitabu cha ubatizo, kitabu cha ndoa, kitabu cha wafu. Kila mtu hupata mstari wake: jina, baba, mama, tarehe, basi. Mwaka jana alifariki katekista mmoja mzee wa kigango chetu. Alikuwa ameniambia mara nyingi, "Karani, njoo siku moja na daftari lako, nikueleze jinsi tulivyokuwa tukitembea kwa miguu kufundisha dini, na mambo tuliyokutana nayo njiani." Nami nilijibu kila mara, "Nitakuja, mzee, ngoja tumalize mavuno." Mavuno yalikwisha, yakaja mengine. Hatimaye nilichukua kitabu cha wafu, nikaandika mstari wake. Mambo yale ya njiani alikwenda nayo.

Kwa hiyo nilimjibu binti yangu mara moja: "Njoo nyumbani wakati wa likizo. Tutakwenda Ujiji pamoja."

Makongamano ya namna hiyo, kama hujui, si jambo la ajabu siku hizi. Wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki wana chama chao, CHAWAKAMA, nao hukutana, husomeana makala na kujadiliana. Mzazi asidhani ni mchezo wa kupoteza nauli. Lakini mtu hawezi kwenda arusini mikono mitupu, na binti yetu alikuwa mikono mitupu.

Alipofika, alifungua simu yake akanionyesha hadithi kumi alizozipata humo: za sungura na fisi, na za mfalme na binti zake. Zilikuwa nzuri. Nikamwuliza, "Hii ya sungura umeisikia kwa nani?" Akanyamaza. "Basi," nikasema, "hukuulizwa hadithi tu. Umeulizwa na mtu wake."

Tulianza matayarisho. Tulichukua daftari moja, kalamu mbili, sukari kilo mbili, na vipande vya sabuni, maana mzee hatembelewi mikono mitupu. Simu pia tulichukua, lakini tulikubaliana isitoke mfukoni kabla ya kuomba ruhusa. Tena tulingoja mbalamwezi. Watu wa bara huenda hawajui sababu. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa taa, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga. Mwezi unapokuwa mpevu taa hazina nguvu, dagaa hutawanyika, na wavuvi hukaa nchi kavu. Ndizo siku zao za kushona nyavu, na ndizo siku zao za kuzungumza.

Tulipita kwanza Kigoma mjini. Nilimpeleka binti stesheni, jengo lile kubwa jeupe la Wadachi, ambako reli itokayo Dar es Salaam ilifika mwaka 1914. Nikamsimulia habari za meli Liemba, ambayo watu wa pwani yetu wote wanaijua. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa masandukuni, ikaletwa kwa bahari na kwa reli mpaka hapa. Iliunganishwa, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916, Wajerumani walipoona wanashindwa, waliizamisha wenyewe, lakini kwanza waliipaka mitambo yake mafuta mazito ili isioze. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ilianza kazi tena kwa jina jipya, Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa hili.

Binti aliandika yote. Kisha akauliza, "Baba mdogo, ni nani aliyeyabeba masanduku hayo?" Sikuwa na jibu. Majina ya waliobeba hayamo katika habari niliyoisoma. Nilimwambia, "Andika na swali lako."

Kutoka Kigoma kwenda Ujiji ni mwendo mfupi wa gari, kuelekea kusini. Ujiji ni mji wa zamani kuliko Kigoma. Jina lake latokana na Wajiji, wenyeji wa nchi hii. Hapa ndipo ilipoishia njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo. Walipita hapa Waarabu na Waswahili wa pwani, Wamanyema kutoka ng'ambo, wapagazi wa pembe, na watumwa waliofungwa minyororo. Burton na Speke walifika mwaka 1858. Mapadre Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walifika Januari 1879. Ukitembea leo katika vichochoro vyake, ukaona miembe mikubwa na nyumba za mabaraza, utasikia Kiswahili kitamu na Kiha na lugha za Kongo katika mlango mmoja.

Tulikwenda kwenye makumbusho ya Livingstone. Liko jiwe la ukumbusho, na miembe ambayo watu husema ni vizazi vya mwembe ule ambao chini yake Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti la New York, ametumwa kumtafuta mzee yule aliyedhaniwa amepotea. Salamu aliyosema alimsalimu nayo Livingstone inajulikana dunia nzima, hata watoto wa Ulaya huifanyia mzaha.

Hapo nilimweleza binti jambo ambalo wengi hawalijui. Kurasa za daftari la safari la Stanley zilizohusu siku ile zilichanwa, hazipo. Naye Livingstone katika maandishi yake hakuitaja salamu hiyo. Kwa hiyo wako wanahistoria wanaosema kwamba labda maneno yale hayakusemwa kabisa siku ile, bali Stanley aliyabuni baadaye, alipoona yanapendeza.

Binti alitazama jiwe, akasema, "Kumbe neno maarufu kuliko yote lililosemwa Ujiji, pengine halikusemwa Ujiji!"

"Ndiyo," nikamjibu. "Na yuko mtu aliyekuwapo ambaye watu hawamwulizi." Mtu huyo ni Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone. Livingstone mwenyewe aliandika kwamba Susi ndiye aliyekimbia mbele kumpokea Stanley. Livingstone alipofariki mwaka 1873, katika nchi iitwayo leo Zambia, Susi na mwenzake Chuma, pamoja na wenzao, waliukausha mwili wake, wakaubeba kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Safari ile ni kubwa kuliko salamu yoyote. Lakini nenda ukaulize watoto wa shule: Stanley wanamjua, na Susi hawamjui.

Jambo jingine la kustaajabia ni kwamba ukisimama penye jiwe lile, ziwa huligusi. Zamani zile maji yalikuwa karibu zaidi. Mnamo 1878 mto Lukuga, upande wa Kongo, ulizibua njia yake, ziwa likaanza kushuka, ufuko ukarudi nyuma. Miaka ya karibuni, kama 2020 na 2024, maji yamepanda tena, yakawasumbua watu wa kando. Ziwa halikai mahali pamoja, wala hadithi zake.

Basi tukashuka ufukoni. Jua lilikuwa linaelekea milima ya Kongo. Wanawake walikuwa wakikusanya dagaa waliokauka, wavuvi wameketi kwenye mitumbwi iliyopinduliwa, wanashona nyavu. Tuliamkia, tukajitambulisha, tukatoa sukari. Mzee mmoja mvuvi na bibi mmoja muuza dagaa walitukaribisha kwenye mkeka. Binti alieleza shida yake. Mzee akasema, "Hadithi hazisemwi jua likiwaka. Ngojeni lizame." Tukangoja.

Wakati wa kungoja nilimwambia binti asome hadithi moja niliyoinakili zamani nilipokuwa chuo cha ualimu, Kasulu. Ni hadithi ya mwanzo wa ziwa hili. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 aliambiwa na wenyeji, akaiweka katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1878. Nitaisema kwa ufupi, kwa maneno yangu.

Zamani mahali palipo ziwa palikuwa uwanda, na penye uwanda palikuwa na mji mkubwa, nyumba zake zimezungushiwa nyua. Katika ua mmoja waliishi mtu na mkewe, nao walikuwa na kisima kirefu chenye samaki wengi watamu. Kisima kile kilikuwa siri ya urithi, mgeni asikione. Lakini mke alikuwa na mpenzi wa nje, akawa anampa samaki wale. Mpenzi akauliza kila siku wanatoka wapi. Siku moja mume alisafiri kwenda Uvinza, huko kwenye chumvi, akamwonya mke ailinde siri. Alipokwisha kuondoka, mke akamleta mpenzi wake kisimani. Yule mtu akaona samaki wanacheza, akanyosha mkono amguse mmoja. Hapo ardhi ikapasuka, maji yakafurika, mji ukazama pamoja na watu wake. Mume aliporudi kutoka Uvinza aliona milima asiyoijua, akapanda juu, akatazama chini: maji matupu, toka upande huu hata upande ule.

Binti alipomaliza, wote walikuwa kimya. Mzee mvuvi akasema, "Kweli, hili ziwa halina mwisho chini." Nami nikaongeza ya shuleni: urefu wake ni kilomita 670 hivi, kina chake mita 1,470 hivi, na duniani kote linalizidiwa kina na ziwa Baikal la Urusi tu. Wataalamu nao husema lilitokea ardhi ilipopasuka, katika Bonde la Ufa, mamilioni ya miaka iliyopita. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi wameona walichokiona wazee wetu. Ardhi ilipasuka."

Lakini yule bibi hakuridhika. Aliweka chini ungo wake wa dagaa, akasema, "Mwanangu, mbona kosa lote ni la mke? Aliyenyosha mkono ni nani?"

Mzee akajibu, "Mke ndiye aliyemleta."

"Sawa, alikosa, sikatai," bibi akasema. "Lakini mji mzima, watoto kwa wazee, ulikuwa unakaa juu ya kisima kile, wala hawakuambiwa. Wangejua, wangekilinda wote. Siri ya watu wawili, mmoja akienda Uvinza, nani atalinda?"

Mabishano yakaanza hapo, msomaji! Wavuvi wengine walisogea. Mmoja alisema urithi ni siri, ukitangazwa unaharibika. Mwingine alisema urithi ukifichwa unazama na mwenyewe. Jua lilizama, mwezi ukatoka nyuma yetu ukaangaza maji, na watu bado wanabishana juu ya kisima kile. Binti aliandika mpaka kalamu ya kwanza ikakauka.

Kisha bibi akatueleza habari nyingine, na hii ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa mmoja wa watu waliovuka ziwa kutoka Kongo wakati wa vita vya mwaka 1996, wakati maelfu walipokuja kwa mitumbwi wakaokoka Kigoma. Alisema kwa sauti ndogo, muda mrefu. Sisi tulisikiliza bila kukohoa.

Njiani kurudi binti aliniambia, "Baba mdogo, nimeipata hadithi yangu. Hiyo ya bibi. Watalia ukumbini." Nami, nisikufiche, nilifurahi. Niliona tumepata hazina.

Kesho yake tulirudi kuomba ruhusa. Bibi alitutazama, akauliza, "Mtaisema mbele ya watu wangapi?" Binti akasema, "Kama mia mbili, bibi." Bibi akatikisa kichwa. "Hapana. Ile niliwapa ninyi, kwa kuwa mliketi vizuri. Sikuwapa watu mia mbili."

Hapo nilifanya kosa ambalo naliungama mbele yenu. Nilianza kumbembeleza. Nilimwambia kwamba vijana watajifunza, kwamba jina lake tutaliacha, kwamba ni kwa faida ya wengi. Maneno mengi ya karani! Bibi hakukasirika. Aliendelea kupepeta dagaa wake, kisha akasema, "Karani, wewe una watoto?" Nikasema ninao watatu. Akasema, "Mimi nilikuwa na watano." Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Kama ardhi ingepasuka pale ningeshukuru.

Binti ndiye aliyeniokoa. Alipiga goti, akasema, "Bibi, utusamehe. Hatutaisema." Akalitoa daftari, akachana kurasa zile mbili mbele yake, akampa mkononi. Bibi alizikunja, akazitia kwenye pindo la kanga yake. Kisha akasema, "Semeni tu kwamba nilivuka. Hilo naliruhusu. Na ile ya kisima isemeni, na mseme mimi nimebisha."

Ndiyo maana nawe, msomaji, hukupata zaidi ya hapo.

Jioni ile binti aliniuliza, "Sasa mambo makubwa kama hayo yatajulikanaje, ikiwa wenyewe hawasemi?" Nikamkumbusha habari za Adrian Atiman, daktari na katekista wa Karema, huko kusini kwenye ufuko wa ziwa hili hili. Alizaliwa mbali sana, katika nchi za mto Niger, Afrika ya Magharibi. Alitekwa utumwani akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, Mapadre Weupe wakamkomboa, akasomeshwa udaktari Malta. Alifika Karema karibu mwaka 1889, akatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Alipokuwa mzee aliandika mwenyewe habari za maisha yake, nazo zilichapishwa. Hakuna aliyemnyang'anya maneno yake. Alipoona wakati umefika, aliyatoa. Kazi yetu sisi ni kuketi karibu, tusiwe na haraka, na kurudi tena.

Ikabaki kazi ya mwisho, kujizoeza kusimulia. Binti alisimama jikoni kwa mama yangu mzazi, watoto wa jirani wamejaa, ugali unasongwa. Alianza kwa maneno ya chuoni: dhamira, muktadha, na mengineyo. Kabla hajafika kwenye kisima, wawili wamesinzia. Mama yangu akasema, "Mjukuu wangu, unasimulia kama baba yako mdogo anavyosoma matangazo ya ndoa." Watu wakacheka, nami nikacheka kwa shida.

Akaanza upya. Safari hii aliketi chini, akaita "Paukwa!" Watoto wakaitika "Pakawa!" Akawaangalia machoni. Alipofika mahali pa mkono kunyoshwa, mtoto mmoja alipiga kelele, "Asiguse!" Alipomaliza, hakusema funzo. Aliuliza tu kama alivyouliza bibi: "Kosa la nani?" Ugali ulipoa, wakati watoto wanabishana. Mama yangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Sasa anaweza kwenda."

Alipanda garimoshi Kigoma akiwa na daftari lake. Katika ukurasa wa kwanza ameandika: hadithi iliyosimuliwa na wenyeji wa Ujiji, ikaandikwa na mgeni mwaka 1876, ikabishiwa ufukoni na bibi muuza dagaa na wavuvi wenzake. Mimi namwona amejiandaa vizuri.

Nami nimenunua daftari jipya. Si la ubatizo wala la wafu. Kila Jumapili baada ya Misa naketi na mzee mmoja chini ya mti, na kwanza namwuliza ni lipi niandike na ni lipi nisiandike. Mpaka leo nimekwisha kuketi na wazee wanne.

Wewe baba na mama unayesoma gazeti hili nyumbani, yuko mzee kwenu ambaye amekwambia, "Njoo siku moja nikueleze"? Usingoje mavuno. Chukua sukari kidogo, mpeleke na mwanao, mkaketi. Mkiambiwa semeni, semeni. Mkiambiwa nyamazeni, nyamazeni.

Kwaherini, wasomaji wapenzi. Mkifika Ujiji, shukeni mpaka ufukoni, msiishie kwenye jiwe.